Nimemfuata Deni

Umeniuliza, Ndaki, sumu ya panya kiasi gani
inatosha mbwa wanne.
Sijui. Sijawahi kupima.
Kaa kwanza.

Ngitili yangu unaijua, inaanzia kwenye minyaa
inashuka hadi matete ya ziwa.
Baba aliifunga mwaka wa ukame, ng'ombe wakilia zizini.
Alisema majani yakipumzika na vingine vitarudi.
Vikarudi: kwale, sungura, kanga,
hata digidigi mmoja niliyemwona mara mbili,
na mara ya pili sikumwambia mtu.

Ndipo nao wakaja, tochi vichwani,
kama wavuvi wa dagaa waliopotelea nchi kavu.
Taa kule majini, taa huku kwangu;
ukisimama mlangoni usiku
hujui ziwa limeishia wapi.

Hayo unayotaka kufanya nimeyafanya.
Nilipaka kibao rangi nyekundu: MARUFUKU.
Wakakilaza chini, wakakikalia, wakala.
Niliokota mifupa na vichungi vya sigara juu yake.
Nilipiga yowe. Sungusungu wakafika kumi na wawili,
filimbi na fimbo, wakamkamata
Luhende, mwanangu mwenyewe, akitoka kwa mchumba.
Nilikwenda kwa mtendaji. Akaandika.
Ana daftari zuri sana.

Kisha alfajiri moja nikasikia kilio bondeni.
Mbwa mwekundu.
Waya wa klachi ya pikipiki umemkaba mguu
hadi weupe wa mfupa.
Mtego wao, mbwa wao, shamba langu.
Luhende akashika panga.
Nikamwambia, kalete koleo.

Nilimfunika uso kwa kanga,
ya kuvaa, si ya kuruka,
asiniume. Akaniuma. Kovu hili hapa, lishike.
Nikamlaza bandani, nikamchemshia michembe,
nikangoja.

Siku ya tatu, saa nne, jua limeshaiva,
nikasikia neno ambalo usiku wote ule
halikuwahi kutamkwa kwenye ardhi yangu:
Hodi.

Kijana mwembamba, ndala za rangi mbili,
kasimama nje ya minyaa
palepale anaporukia. Haingii.
Nikamwacha asimame, nakiri.
Nikamaliza kupepeta dengu zangu.
Ndipo nikasema karibu.

"Naitwa Sayi, mama, natoka Ng'haya. Nimemfuata Deni."
Deni gani?
"Mbwa. Nilimnunua kwa mkopo."
Nilicheka, Ndaki, na mtu ukishamcheka
ukali hauketi tena vizuri usoni.

Sikumuuliza amefanya nini.
Niliuweka ule waya mezani, katikati ya vikombe,
tukanywa chai tukiutazama.
Nikamwambia: kibali kaombe kwa bwana nyama,
ruhusa uje kuomba kwangu. Ni vitu viwili.
Lango liko kule, lina kamba tu.
Kwale wakiatamia usije.
Na waya usije nao kabisa; waya hauchagui,
hata Deni haukumjua.

Hakuapa. Nilipenda kwamba hakuapa.
Alimbeba mbwa mabegani kama mbuzi wa mahari,
akatokea langoni, akalifunga nyuma yake
kwa fundo ambalo mpaka leo nalifungua kwa meno.

Wameacha? Hapana.
Juzi gobore limelia upande wa mtoni.
Labda yeye, labda wengine, na wengine ni wengi.
Digidigi sijamwona tangu mwezi wa sita.
Lakini Sayi nikimkuta mnadani ananiamkia, mimi namwitikia,
na wenzake wanageuka kutazama
huyu mama ni nani.

Sumu iko juu ya kabati, ukiitaka chukua,
panya wenyewe wameshaizoea.
Ila mbwa wakishakufa, Ndaki,
nani atakuja mchana?